Fimbo ya Msimamizi Mkuu

Teotónio Barradas alikuwa karani katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Nyumba ya Mfalme, kule Lisbon, kwa miaka thelathini na mmoja. Baba yake alilisha farasi wa kasri, naye akaingia ofisini kwa sababu ya mwandiko wake tu, maana herufi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walisoma barua zake hata zisipowahusu. Hakuoa. Aliishi na dada yake mkubwa, Eufrásia, katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Ajuda, hatua chache kutoka lango la nyuma la kasri.

Miaka mitatu kabla ya mambo kuharibika, Msimamizi Mkuu alimwita akamwambia, "Barradas, andika historia ya ofisi hii. Tangu mwanzo. Watu wanadhani tunafungua milango tu."

Teotónio akaichukulia kazi hiyo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Alipekua makabati, akapuliza vumbi, akapiga chafya mpaka macho yakawa mekundu. Akagundua kwamba Msimamizi wa kwanza kabisa alikuwa mtu wa jikoni, kazi yake kugawa mikate mezani na kuwafukuza mbwa. Baadaye cheo kikaenda kwa wakuu wa nchi, baba akamrithisha mwana, wakawa na amri juu ya wapishi, matabibu, wapiga kinanda wa kanisani na wenye mishumaa. Mwishowe kikabaki heshima zaidi kuliko kazi: Mkuu alikuja mara moja kwa wiki, akatia sahihi, akaondoka. Teotónio alikuwa amefika ukurasa wa mia nne na kumi na mbili.

Basi Jumanne moja asubuhi, mwezi wa Oktoba mwaka 1910, manowari za waasi zilizokuwa mto Tejo zikaanza kupiga mizinga. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Msimamizi Mkuu alishuka ngazi za nyuma mbiombio, kofia kichwani imekaa upande, kwapani amebana mkoba wa karatasi, na mkononi ameshika fimbo ya cheo, ile nyeusi yenye kichwa cha fedha, ambayo kwa kawaida ilitoka kabatini siku za sherehe tu. Gari la farasi lilikuwa linamngoja. Teotónio, aliyekuwa amesimama mlangoni hajui la kufanya, akafungua mlango wa gari.

"Shika," Mkuu akasema, akampa fimbo.

Teotónio akashika. Mkuu akapanda, akajipanga na mkoba wake, mzinga mwingine ukalia, farasi wakashtuka wakatoka mbio. Gari likakata kona. Teotónio akabaki uani na fimbo mkononi, mdomo wazi.

Siku iliyofuata nchi haikuwa na mfalme. Yule kijana mfalme alikuwa baharini na mama yake.

"Wewe Teotónio, hiyo nini?" dada yake aliuliza siku ile ya mizinga, alipomwona anaingia na kitu kirefu ndani ya koti.

"Fimbo."

"Naona ni fimbo, sijapofuka. Ya nani?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza mwenyewe, dada."

Akamweleza. Eufrásia akaacha kumenya viazi.

"Alisema shika. Shika vipi? Shika kidogo nipande gari, au shika mpaka nirudi?"

"Alisema shika tu."

"Sasa sauti yake ilikuwaje?"

"Kulikuwa na mizinga, Eufrásia! Nani anasikiliza sauti?"

Akaiweka nyuma ya kabati la sahani. Lakini hakutulia. Kwani katika historia yake mwenyewe, ukurasa wa mia mbili na kitu, alikuwa ameandika habari za mwaka wa tetemeko kuu la ardhi lililobomoa mji, wakati watu wa kasri walipohamia vibanda vya mbao hapohapo Ajuda kwa kuogopa kuta. Msimamizi wa siku hizo aliugua. Akampa fimbo mpishi wa vitu vitamu aliyekuwa karibu na kitanda, na kwa wiki sita mpishi yule alitoa amri, na kila mtu akatii, kwa kuwa mwenye fimbo ndiye mwenye neno. Karatasi za mpishi zilikuwapo. Teotónio alizishika kwa vidole vyake.

Kama ni hivyo, yeye ni nani sasa? Alijitazama kwenye kioo cha kunyolea. Msimamizi Mkuu wa nyumba isiyo na mwenyewe? Au mwizi? Akajicheka, kisha akaona haichekeshi.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Langoni palikuwa na askari mwenye utepe wa kijani na mwekundu, rangi za serikali mpya.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kazini. Ofisi ya Msimamizi Mkuu."

"Hayupo."

"Najua hayupo. Hata zamani alikuwa hayupo."

Askari akakuna kichwa, akampisha.

Ndani alikuta kamati ya serikali mpya inaandika orodha ya vitu vyote. Mwenyekiti alikuwa wakili mmoja mpole, Hilário Quaresma, mwenye mafua yasiyokwisha. Alifurahi kupata mtu anayejua funguo.

"Raia Barradas," alisema, "shida yetu ni moja. Mali ya taifa inabaki. Mali ya familia ya mfalme inapelekwa kwa wenyewe huko ughaibuni. Tuambie kipi ni cha nani."

Teotónio alidhani ni rahisi. Akafungua historia yake. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kupotea. Saa ya ukutani ilinunuliwa na Msimamizi kwa jina la mfalme, ikatengenezwa kwa amri ya bunge, ikapewa malkia siku ya kuzaliwa kwake, naye akairudisha ukumbini. Ya nani?

"Andika haijulikani," akasema Quaresma, akapenga kamasi.

Hata barua zilimchanganya. Miaka yote alimalizia, "Mungu amlinde Mheshimiwa." Sasa serikali ilitaka, "Afya na Udugu." Siku moja aliandika, "Mungu akulinde kwa afya na udugu," na Quaresma akaipeleka hivyohivyo, akisema haitaudhi upande wowote.

Kisha ikaja orodha ya watu. Watumishi wa taifa huku, watumishi wa familia kule. Teotónio akatafuta jina lake. Huku halipo. Kule halipo.

"Mimi nilikuwa namtumikia nani?" aliuliza.

"Raia, hilo wewe ndiye wa kutuambia."

Alirudi nyumbani, akakaa na kofia kichwani. Eufrásia akamwekea supu ya sukumawiki na kipande cha soseji. Hakula.

"Wanaitafuta fimbo," alisema. "Imo kwenye orodha ya zamani, kabatini hamna."

"Basi ipeleke."

"Na Mkuu akirudi?"

"Akirudi utamwambia aliyesema shika hakusema mpaka lini."

"Nikiipeleka nimemsaliti. Nikikaa nayo nimeiba."

"Na ukiendelea kuwaza supu inapoa. Miaka thelathini na mmoja ofisi ile haikuwahi kukuuliza unaonaje. Leo kila mtu anakuuliza, unaumwa kichwa. Kula."

Alimwandikia Mkuu barua huko Uingereza alikokimbilia, akiuliza kwa adabu alikusudia nini. Akangoja wiki tano. Jibu likaja, kurasa mbili: mvua haikatiki, kahawa ya huko haina ladha, wenyeji wanachemsha kila kitu, na je, mbwa wake mzee wa kuwindia anaendeleaje? Kuhusu fimbo hata nusu neno. Teotónio akaisoma mara nne, akaipindua, akatazama ndani ya bahasha.

Kesho yake akaifunga fimbo kwa shuka, akaenda nayo kasri mchana kweupe, akaiweka mezani mbele ya Quaresma.

Wakili hakumkemea. Akatoa fomu ya makabidhiano. "Andika jina. Hapa chini andika umeikabidhi kama nani."

Teotónio akachovya kalamu. Karani? Karani wa nani? Msimamizi? Mtunzaji? Wino ukadondoka, ukaacha doa. Quaresma alipiga chafya mara mbili, akangoja. Mwishowe Teotónio akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: "Niliyekuwa karibu na mlango."

"Inatosha?" aliuliza.

"Sheria haikatazi," alisema Quaresma, akagonga muhuri.

Majira ya kuchipua kamati ilimwajiri rasmi, akaingia kwenye orodha ya watumishi wa majumba ya taifa. Quaresma akamwomba aimalizie historia ya ofisi, ichapwe. Teotónio aliketi nayo miezi mingi. Sura ya mwisho aliiandika mara saba, na kila mara iliisha tofauti: mara ofisi ilikufa siku ya mizinga, mara siku ya muhuri, mara haikufa bali ilibadilisha jina. Alipofariki, miaka tisa baadaye, Eufrásia alipeleka kasri zile sura zote saba za mwisho. Mhifadhi kijana alimuuliza ipi ndiyo ya kweli.

"Kaka yangu alikuwa mtu mkweli," Eufrásia akamjibu. "Ziweke zote."