Wivu wa Iachino Muuza Bandama

Palermo wapo wanaume wanaowaonea wivu wake zao, na hakuna anayeshangaa. Iachino Scalisi yeye alikuwa na wivu na mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa Fofò, kinyozi mstaafu, mzee mfupi mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na viatu vya kujitazamia kama kioo. Kila siku adhuhuri ilipofika alikatiza soko la Capo, akaegemea genge la Iachino, akala mkate wa bandama. Alikula taratibu, kidole kidogo kimenyanyuliwa juu, na waliokuwa wakipita wakisitasita walimwona, mate yakawajaa, wakasogea. Iachino alikuwa na wateja wengi, lakini wengine wote walikuwa wateja tu. Fofò alikuwa wake.

Tangu alipoachiwa genge lile na baba yake, Iachino hakujua kazi nyingine wala hakuitaka. Alichemsha bandama na mapafu ya ng'ombe alfajiri, akayakata vipande vyembamba hata ungeweza kuona kisu upande wa pili, kisha akavichovya kwenye sufuria lake lililoinamishwa, mafuta ya nguruwe yakichemka huko chini. Mkate laini wenye ufuta, bandama juu yake, jibini ya kukwaruza, basi. Vya wenzake hakuvigusa. Katika mji ambao kila kona kuna kitu kinakaangwa, alikuwa amefika umri wa kuitwa babu bila kuonja chakula cha genge lisilo lake. Aliona ni kama kumwangalia mke wa mtu.

Basi mwezi wa Novemba Fofò akakosa kuja. Siku ya kwanza Iachino akasema ni mafua. Siku ya pili akamtuma mkewe, Crocetta, apeleke supu. Crocetta akarudi na supu yake.

"Hayupo. Jirani anasema ametoka, tena amechana nywele."

"Amechana nywele aende wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kwani mimi ndiye kinyozi wake?"

Aliyemjibu ni muuza malimau wa genge la jirani, aliyekuwa akipanga malimau yake na kusikiliza kila kitu. "Mnamzungumzia Fofò? Nilimwona soko la Ballarò jana. Anakula utumbo wa mwanakondoo wa kuchoma, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Na anacheka!"

Iachino akawa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ule utumbo angeweza kuusamehe. Kule kucheka ndiko kulikomchoma. Kwake Fofò alikula kwa heshima, kama mtu aliye kanisani. Kumbe cheko lake alikuwa akimwekea mwingine.

Tangu hapo ikawa ni habari juu ya habari. Mara Fofò kaonekana anakula vibanzi vya unga wa dengu kule mtaa wa Kalsa, mara kakaa kitako soko la Vucciria mbele ya sahani ya pweza. Iachino alikata bandama nene, akaunguza mkate, akawatolea watu ukali. Usiku alijigeuza kitandani mpaka Crocetta akawasha taa.

"Wewe mwanamume, una nini?"

"Pweza, Crocetta. Kitu kisicho na mfupa! Mtu mzima anakwenda kula kitu kisicho na mfupa!"

"Kwani bandama ina mfupa?"

Iachino akavuta blanketi.

Ikaja tarehe kumi na tatu Desemba, sikukuu ya Santa Lucia. Siku hiyo Palermo haiguswi ngano iliyosagwa, si mkate, si tambi, kwa kumshukuru mtakatifu aliyeletea mji meli ya nafaka wakati wa njaa. Watu hula madonge ya wali yaliyokaangwa mpaka washindwe kupanda ngazi za nyumba zao. Wenzake hubadilisha biashara siku hiyo. Iachino hufunga. Bandama bila mkate, alisema, ni kama kutoka nje bila suruali. Kwa hiyo ndiyo siku pekee ambayo adhuhuri ilimkuta hana kazi, na mwaka huu alijua ataitumiaje. Alijifunga skafu ya mkewe mpaka puani, akashusha kofia, akaenda kujibanza mkabala na mlango wa Fofò.

Fofò akatoka. Upepo ukaleta harufu yake mpaka ng'ambo ya barabara.

"Kajipulizia manukato," Iachino akanong'ona, roho ikimuuma. "Manukato, ya kwendea kula!"

Akamfuata. Kituo cha kwanza kilikuwa vibanzi vya dengu, Fofò akavila kwenye karatasi huku anatembea, akipulizia vidole. Cha pili kilikuwa duka la madonge ya wali, foleni imezunguka mpaka kwenye kona. Fofò akapata lake, akalipasua katikati, mvuke ukatoka, akachungulia ndani kama mtoto anayechungulia tundu la ufunguo. Alipoondoka, Iachino akajipenyeza akanunua moja. Alijiambia anamchunguza adui. Ganda likavunjika menoni, wali wa zafarani, kisha nyama ya kusaga na njegere katikati, moto, laini. Alikula kwa hasira, na hasira ikaisha kabla ya donge. Hilo likamkasirisha upya.

Kituo cha tatu kilikuwa Vucciria, kwenye meza ya Mommo wa pweza. Mommo alikuwa jitu lenye mikono myekundu kwa mvuke, na alipomwona Fofò akaacha wateja wengine wote.

"Kaka yangu Fofò! Nimekufichia mmoja mchanga, hata hajui kuogelea!"

Akamtoa pweza sufuriani kwa uma, akamkatakata mbele yake, akamkamulia limau. Fofò akaweka kipande kinywani, akafumba macho.

Akafumba macho! Iachino alihisi kama kisu cha Mommo kimepita kifuani mwake. Kwa miaka yote ile, pale Capo, Fofò hakuwahi kufumba hata jicho moja. Ilibidi amwone kwa karibu zaidi. Palikuwa na kundi la wageni wamemzunguka msichana mmoja wa kaskazini aliyekuwa akiwatembeza mjini kuwaonjesha vyakula, wamesimama kando ya bajaji ya mizigo. Iachino akajichomeka katikati yao. Msichana alikuwa akigawa kitu kwa kila mkono uliokuwa karibu, na mkono wa Iachino ukapokea. Macho yake yalikuwa kwenye masharubu ya Fofò. Akauma. Akatafuna. Akauma tena.

"Mama yangu wee!" kikongwe mmoja akapaza sauti. "Mkate! Siku ya Santa Lucia!"

Iachino akatazama mkononi. Ilikuwa sfincione, ule mkate mnene wa nyanya na vitunguu ambao bajaji ile ilikuwa ikiwauzia wageni tu, kwa sababu mgeni hamjui mtakatifu. Nusu yake ilikuwa imeshateremka tumboni. Skafu nayo ilikuwa imeteremka shingoni.

"Huyu si Iachino wa Capo?"

"Ndiye! Hawezi kukaa bila mkate hata siku moja, maskini!"

"Santa Lucia ndiye mlinzi wa macho yetu, mzee. Kesho ukiamka gizani usimsumbue daktari!" Huyo alikuwa Mommo, na meza nzima ikaangua kicheko.

Fofò akainuka, akafuta masharubu, akaja.

"Iachino. Unakula nini?"

"Sijui."

"Umenifuata?"

"Nifuate nini? Natembea tu."

"Umevaa skafu ya mkeo."

Iachino alitaka kusema maneno ya kiume, ya mtu mwenye genge lake. Yakatoka mengine. "Umefumba macho! Kwa huyu umefumba macho, Fofò! Kwangu umekuwa ukila kama unasoma gazeti. Nimekukosea nini? Bandama imekuwa ngumu? Sema!"

Watu wakasogea karibu, maana sasa ilikuwa tamu kuliko pweza. Fofò akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye kivuli cha ukuta.

"Hujanikosea kitu. Nisikilize. Hawa wote nimewanyoa mimi. Mommo nimemnyoa tangu ndevu zake za kwanza, shingo yake ilikuwa inanuka bahari. Yule wa utumbo alikuwa ananuka moshi. Wa madonge, zafarani mpaka masikioni. Maisha yangu yote nimewanusa, Iachino, sijawahi kuwaonja. Adhuhuri ikifika nakuja kwako, na kabla sijakuuliza hali mkono wako umeshashika mkate. Nikichelewa kidogo unanuna mpaka kesho yake."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nina hamu ya pweza? Wewe?"

Iachino alijua hasa angefanya nini, kwa hiyo akauliza lile lililokuwa likimla. "Utarudi?"

"Nikipata hamu."

Hamu! Iachino alirudi nyumbani na neno hilo likimkwaruza njia nzima. Habari ilikuwa imemtangulia. Crocetta alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Wanawake wenzangu waume zao hufumaniwa na wanawake," akasema. "Wangu kafumaniwa na mkate. Nipe skafu yangu."

"Amesema atarudi akipata hamu."

"Basi mwache aipate. Na akija, muulize anataka nini. Mtu huulizwa, Iachino. Mimi mwenyewe nasubiri kuulizwa tangu tufunge ndoa."

Hakuja kesho yake, wala wiki ile. Krismasi ikakaribia, soko likajaa machungwa na samaki aina ya mkunga, na kila adhuhuri Iachino alinyoosha shingo juu ya vichwa vya watu. Muuza malimau alimwonea huruma hata akaacha kumletea habari. Hatimaye Jumamosi moja yale masharubu yakatokea kati ya mabeseni ya samaki. Mkono wa Iachino ukaruka wenyewe mpaka kwenye kapu la mikate. Akaukamata kwa mkono wa pili.

"Karibu, Fofò. Leo... leo nikupe nini?"

Fofò akashangaa. Akalitazama sufuria, akaitazama jibini, akafikiri kwa muda mrefu kama mtu anayechagua nguo ya harusi.

"Bandama. Na limau. Usiweke jibini."

"Usiweke jibini?"

"Sijawahi kuipenda."

Iachino akaigeukia jibini. Vilima vya jibini, milima ya jibini aliyomkwaruzia mtu huyu, tena akimwongezea kwa siri kuliko wateja wengine kwa ajili ya mapenzi! "Na ulikuwa unakula!"

"Ulikuwa unaiweka kwa furaha sana."

Akampa kama alivyotaka. Fofò akala, na safari hii limau likamchuruzika kidevuni, kidole kidogo kikasahau kunyanyuka. Akalamba kiganja. Iachino akamtazama mpaka mteja aliyefuata akapiga genge kwa kofi.

"Jumatatu usifungue," Fofò akasema akifuta mikono. "Twende wote kwa Mommo."

"Kwa Mommo? Mimi?"

"Au niende peke yangu?"

Hilo Iachino asingeweza kulivumilia. Jumatatu wakakaa meza moja Vucciria, sahani moja katikati. Mommo akamkata pweza, akakaribisha kwa maneno mengi, akaondoka. Fofò akaweka kipande kinywani, macho yakaanza kufumba.

"Yafumbue," Iachino akasema.

"Niache nile."

"Ni mtamu?"

"Mtamu."

"Kuliko bandama yangu?"

"Iachino, pweza anapoa."

Iachino akaonja. Alikuwa mtamu kweli, mtamu wa kutia uchungu. Akaivuta sahani upande wake, kidogo tu, akachoma kipande kinene kuliko vyote kwa uma, kisha kile kilichofuata, akawa anatafuna mbiombio, mashavu yamejaa, ili kwa Fofò kisibaki kingi cha kupenda.