Sikio la Chuma

Tarehe nne Agosti mwaka 2006 tulimzika binamu yangu Mutheu huko Mitaboni. Siku ya tatu baada ya mazishi mama yake, ambaye ni shangazi yangu, alinipa daftari la insha la darasa la sita. Lilinuka moshi wa jikoni. Nililitambua kabla ya kulifungua, kwa maana nilikuwa nimeliogopa miaka kumi.

Shuleni kwetu Kikamba kilikatazwa. Kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba ya katani, na aliyekivaa shingoni alipaswa kumnasa mwingine akisema Kikamba, amvishe. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ikilia alichapwa viboko vinne. Kwa hiyo hatukucheza vizuri, tulitegeana masikio. Hata kwenye foleni ya uji nilimtazama mwenzangu mdomoni, si machoni. Mimi niligundua njia yangu. Mtu akiumia ghafla humwita mama, na sisi mama tunamwita mwaitu. Kila kibao kiliponifikia nilimtafuta Mutheu, nikamfinya juu ya mkono, pale sare ilipofunika.

"Ai mwaitu!"

"Hicho ni Kikamba. Vaa."

"Si wewe umenifinya!"

"Ungelia kwa Kiingereza."

Wenzetu walicheka sana. Nami nilicheka, kwa sababu shingo yangu ilikuwa imebaki nyepesi.

Muhula wa pili mwalimu alitupa insha: maisha katika mwaka elfu tatu. Wengi wetu tuliandika juu ya magari yanayoruka. Tulikaa dawati moja, kwa hiyo nilisoma ya Mutheu kwa pembeni. Watu wake walikuwa wamehamia mji wa chuma ulioelea mbali na dunia, na hewa ilipimwa. Kila asubuhi mtoto mmoja alivishwa sikio la chuma. Aliyelivaa alipumua nusu ya hewa, mpaka sikio lisikie mwingine akiitaja dunia, ndipo liruke kwenye shingo ya huyo. Kulikuwa na msichana mkubwa aliyekuwa akimkanyaga mdogo makusudi ili aitaje. Hapo Mutheu akafunika ukurasa kwa mkono.

Nilijua msichana mkubwa ni mimi. Niliamini ameandika mashtaka, na mwalimu akisoma atajua. Sikumfinya tena, lakini haikuwa huruma. Nilianza kumchunguza. Jambo lililonitia wasiwasi zaidi ni kwamba tangu wiki ile kibao kikimfikia Mutheu hakikutoka. Wasichana walisema Kikamba mbele yake, wengine kwa kumjaribu, naye akanyamaza. Jioni alinyoosha mkono akachapwa. Wakamwita bubu. Mimi nikasema moyoni, huyu ananisubiri. Ananiwekea siku ambayo mwalimu mkuu mwenyewe ndiye anayechapa. Nilikaa hivyo mpaka tukamaliza darasa la nane. Siku hiyo haikufika, na hata tulipokuwa watu wazima, tukikutana sokoni, nilimsalimia nikiwa na haraka.

Sasa nilisoma ukurasa aliofunika. Yule mdogo anagundua kwamba sikio haliruki kama aliyelivaa hatazami linakotaka kuelekea. Analificha ndani ya nguo, anafumba macho, anapumua nusu. "Likikaa kwangu," anasema, "wengine wataweza kuitaja dunia." Msichana mkubwa hatajwi tena. Hakuna anayeadhibiwa. Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Mwisho haueleweki.

Mimi pia sikuuelewa, nami nilikuwa nausikia kila jioni, viboko vinne.

Shule ile siku hizi haina kibao. Watoto wangu wakijikwaa wanalia kwa Kiswahili, na mimi bado namtazama mtu mdomoni kabla sijamjibu.

Nilimkuta shangazi uani akichambua pojo kwenye ungo. Nikamwambia, "Aunti, shuleni ni mimi nilikuwa namfinya Mutheu."

Hakuinua macho. "Rinda lake la kanisa halikuwa na mikono," alisema. "Nikimuuliza, ananiambia ni makonge yamemchoma. Kila Jumapili, makonge."

Nilingoja anifukuze. Akausogeza ungo ukawa katikati yetu.

"Chambua huo upande wako. Kuna mawe mengi."

Nikakaa chini, nikachambua.