Kipande cha Ndege ya Kivita Kwenye Pipa la Kanisa

Nitawasimulia mara moja tu, na mkishacheka naomba mniache nipumzike, maana aibu hii imenichosha kuliko kazi iliyoileta. Yule mwanamke mliyemsikia kuwa alipiga magoti nyuma ya ukumbi wa kanisa, kavaa kitenge kipya, mikono imezama kwenye pipa la taka hadi viwikoni, anatafuta kipande cha ndege ya kivita, ni mimi. Waliowahadithia hawakuongeza chumvi.

Kazi yangu iko Downsview, mtaa wa viwanda huku ughaibuni, kwenye karakana ndogo kati ya ghala la magodoro na kiwanda cha mikate. Tunatengeneza vipande vya ndege ya kivita, ile aina ya siku hizi ambayo ndege moja inafanya kazi zote, inapigana na ndege nyingine, inapiga shabaha ardhini, inapeleleza, halafu inauzwa nchi za mbali. Msinione mhandisi. Ndege nzima sijawahi kuiona. Mimi nakaa chini ya taa yenye lenzi, nasugua kwa tupa kingo za chuma cha ukubwa wa kiganja mpaka ziwe laini, nakipima, nachukua kingine. Hicho chuma kinashikilia bomba fulani karibu na gurudumu. Mwaka wa sita huu. (Mgongo wangu unaweza kuwapa historia kamili.)

Kilichoniponza ni uchovu na kiburi kidogo. Kanisani kwetu Lawrence Heights wengi wametoka Kongo na Burundi, mimi ni wa Kigoma, kwa hiyo ni kama majirani, na kila mgeni tukisalimiana ananiuliza, "Unatunza wazee wa wapi?" kwa sababu wanawake wengi hapa ndiyo kazi yao, na ni kazi ya heshima, lakini Jumapili hiyo nilikuwa nimetoka kwenye wiki ya zamu mbilimbili, macho yananiwasha, nikajibu tu, "Mimi naunda ndege za kivita."

Mchungaji Elie alikuwa nyuma yangu. "Mama Furaha! Na umetuficha miaka yote hii?" Pale pale akaniomba nizungumze na vijana Jumamosi ijayo. Ningekataa, lakini binti yangu Furaha, ana miaka kumi na minne, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza na tukienda madukani anatembea hatua tatu mbele yangu, aligeuka akaniangalia kama mtu aliyetambulishwa kwangu dakika ile. Nikasema sawa.

Sasa nitasimama mbele ya vijana na nini mkononi? Kazini kwetu hakitoki kitu. Hata chuma kilichoharibika kina namba yake, kinapakwa rangi nyekundu, kinaingia sandukuni, kinahesabiwa, ndipo kinasagwa, maana chombo cha vita kinachouzwa nje kina sheria zake na serikali inataka kujua kila kipande kiko wapi. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Jumamosi walikuwa wanakuja wageni, wanajeshi na maofisa wa nchi fulani inayofikiria kuinunua ile ndege. Tulisugua mpaka sakafu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza saa zangu, nikapewa Jumamosi nipumzike. Ijumaa alasiri nikawa nimeshika kimoja kilichokataliwa, ni mimi ninayevipaka rangi, ni mimi ninayevitia sandukuni, nikajiambia, "Jumatatu nitakirudisha, nani anahesabu takataka?" Nikakifunga kwenye karatasi laini, nikakitia kwenye kopo langu la chakula.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilianza vizuri, nawaambia ukweli. Nikaeleza jinsi ndege kama hiyo inavyochukua miaka mingi kwenye michoro na majaribio kabla haijaruka, jinsi vipande vinavyotoka viwanda vya nchi mbalimbali na kukutana mahali pamoja, na jinsi kosa dogo kwenye ukingo wa chuma linavyoweza kuleta ufa huko angani. Nikakitoa kipande, nikawapa wakipitishe mkono kwa mkono. Vijana wakakaa kimya (vijana wetu, kimya!) na Furaha amesimama pembeni, simu yangu ameiunganisha na spika za ukumbi, anatabasamu. Basi uchovu ukapanda kichwani kama pombe. Nikaanza kusema "sisi wahandisi". Nikasema, "Furaha, hebu wasikie sauti yake."

Tulikuwa tumeitafuta mtandaoni, mngurumo wa ndege ikipita chini chini. Ukapasuka kwenye zile spika mpaka madirisha yakatetemeka.

Mama Bahati, bibi wa Uvira huko Kongo anayekaa kila mara karibu na jiko, alikuwa ameshaingia chini ya meza. Wamama wengine wawili walikuwa wamewakumbatia watoto wa watu, hata si wao. Furaha akaizima haraka. Mchungaji akamwinua Mama Bahati taratibu, bibi akasimama, akajifuta kanga, akaniuliza bila hasira, "Mama Furaha, hiyo ndeke njo ile inatupaka mabombe?"

"Inaweza kuyatupa mabomu, Mama," nikasema.

"Na wanauzisha kwa nani?"

Miaka sita nasugua, na swali hilo sikuwa nimewahi kuliuliza kwa sauti. Nikasema, "Mimi nasugua kingo tu, Mama." Kijana mmoja nyuma akacheka, kisha wengine, kwa sababu dakika mbili kabla nilikuwa mhandisi.

Hapo hapo simu ikaita, na Furaha, kwa haraka ya kutaka kuikata, akaipokea. Sauti ya Halina, msimamizi wetu, ikajaa ukumbi mzima: "Dafroza! Chuma kimoja chekundu hakipo kwenye hesabu. Milango imefungwa, watu kumi na tisa hawaruhusiwi kutoka, wageni wako ofisini wanasubiri. Niambie hukukichukua."

Ukumbi wote uliniangalia. Kiingereza kila mtu alikielewa.

"Ninacho," nikasema. "Nakileta."

Lakini sikuwa nacho. Nikauliza nani anacho, kila mtoto anamwonyesha mwenzake, tukainua viti, tukafunua masufuria ya wali, Mchungaji akawaomba watu wafungue mikoba (mnaona nilivyowaingiza waumini kwenye upekuzi), mpaka Mama Bahati akaja akanishika mkono.

"Nilikitupa," akasema. "Nilikuta kitoto kinakitia kinywani. Sikupenda."

Sikuweza kumlaumu. Nikaenda nyuma, nikapiga magoti, nikachimba: mifupa ya kuku, miiba ya samaki, mabaki ya sombe, yaani kisamvu, vikombe vya chai, na watu wamesimama mlangoni wananitazama. Furaha akaja. Nilidhani ataniambia twende nyumbani, lakini alikunja mikono ya shati lake jeupe akaanza kuchimba upande wa pili, machozi yanamtoka. Yeye ndiye aliyekipata.

Mchungaji alitupeleka Downsview kwa gari lake. Nikaingia karakana na kitenge changu chenye mchuzi, wenzangu wamesimama kwenye mstari karibu na ukuta, na nikamkabidhi Halina kile chuma mbele ya wanaume watano wenye sare na suti. Mmoja wao alikichukua, akasoma namba, akakinusa, akakirudisha mezani kwa vidole viwili. Wakaondoka mapema. Kama waliinunua ndege au hawakuinunua, sisi hatuambiwi.

Nilisimamishwa wiki tatu. Nilirudi nikahamishiwa kufunga maboksi, lenzi sijaigusa tena. Niliwaomba radhi wote kumi na tisa, mmoja mmoja. Kumi na wanane walinisamehe, au walichoka kunisikiliza. Rajan hajanijibu hadi leo, na ana haki, kwa sababu siku hiyo mama yake alikuwa anarudi India, na aliondoka bila mwanawe kumuaga.

Kwa Mama Bahati nilikwenda na Furaha. Alitupikia chai ya tangawizi, akaniacha niongee mpaka maneno yakaisha.

"Kazi ni kazi, mama," akasema. "Watoto lazima wakule. Lakini ile sauti usituletee tena."

Nikamwahidi. Na kazini naapa sitoki tena na kitu, hata msumari. Hata vumbi la chuma lililonasa kwenye nywele nalikung'uta mlangoni kabla sijaondoka.