Ferista na Milingoti ya Marehemu

Usimwone Ferista kimya kanisani ukadhani ni mpole. Mjane huyu wa hapa Mbozi, mkulima wa kahawa kama sisi sote, ndiye tuliyemtuma Vwawa akafundishwe kutunza vyanzo vya maji, akarudi kutufundisha sisi tuliojitolea. Somo lake lilikuwa la kamba na vigingi. Unaanzia kwenye jicho la chemchemi, unapima mita sitini, na ndani ya hapo hakuna jembe, hakuna ng'ombe, hakuna mlingoti, huo mti ambao wengine huuita mkaratusi.

Kwenye mlingoti ndipo penye kesi. Huku kwetu mtu akitaka shamba lake lisimegwe, anapanda milingoti mpakani. Tumeipanda mpaka bondeni, nayo inakunywa maji kama wanaume kwenye pombe ya bure, halafu kiangazi tunajazana kanisani kuombea mvua. Ni ujinga wetu, nausema wazi.

Siku ya kuanza kazi tulivuta kamba, ikapita katikati ya milingoti aliyoipanda marehemu mume wa Ferista, Samwel. Tukaangaliana. Mimi Tabita nikasema tuanzie kwa mtu mwingine.

"Huyo mwingine atatuuliza kwa nini yeye," Ferista akanijibu, akaomba shoka.

Habari zilikuwa zimeshamfikia shemeji yake Lwitiko, mdogo wa marehemu. Alikuja anahema.

"Shemeji, miti hii ni mkono wa kaka. Ndiyo kumbukumbu yake iliyobaki."

"Kaka yako alikuwa anakunywa maji, shemeji. Hakuwa anakunywa milingoti."

"Haya, kata! Lakini ukiikata wewe si wa ukoo wetu tena. Ukifa, pale kwa kaka hatukuziki."

Kwetu neno hilo si la mchezo, na Ferista alishawaonyesha wanawe mahali anapotaka kulazwa, ubavuni mwa Samwel. Roho iliniuma, nikatamani aache tu, twende zetu nyumbani. Yeye akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akamgeukia Lwitiko.

"Nizikeni mnapotaka. Ila mkitoka makaburini mtataka maji ya kunawa mikono. Mtayatoa wapi?"

Hakungoja jibu. Alikata huku analia, na hakuna aliyethubutu kumpokea shoka.