Aliyeitikia King'ora

Mchoma mahindi wa hapa kwenye geti la kiwanda, Thika, ana vidole vyeusi vya makaa na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila mara king'ora cha kiwanda kilipolia, aliacha kupepea moto, akainua mkono na kuitikia, "Nimesikia." Hata kunguru walioruka kwa kelele hiyo, aliona wametumwa kwake. Dada yake aliniambia daktari alisema ubongo wake huunganisha vitu ambavyo kwetu havihusiani. Mimi ninayeuza chai kando yake niliona tu mtu aliyesalimiwa. Juzi kiwanda kilifungwa. Leo saa sita, saa ambayo king'ora kingelia, ameacha kupepea, akainua mkono, akangoja mpaka mahindi yakaungua. Kisha akaniuliza polepole, "Mama Khisa, kwani niliwakosea wapi?"