Funza wa Korongo la Munanila

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, sikupewa hata kiti. Mkuu wa idara ya mifugo, mzee mfupi asiyejua kutulia, alinipeleka moja kwa moja kwenye mzoga wa mbuzi nyuma ya machinjio.

"Chuchumaa, binti. Unaona nini?"

"Funza, mzee."

"Wa siku ngapi?"

Sikujua. Akanifundisha palepale. Nzi wa kijani hufika mnyama angali na joto, wakataga mayai machoni, puani na kwenye majeraha. Mayai huanguliwa kuwa funza. Funza hula, hunenepa, kisha huuacha mzoga na kujifukia udongoni, wakageuka pupa, vile vifuko vya kahawia, mpaka nzi wapya watoke. Ukijua wamefikia hatua gani, unahesabu siku kurudi nyuma. Ng'ombe akiokotwa amekufa na watu wakashutumiana, polisi walikuwa wakituita sisi.

Nilipohamishiwa Kasulu nilijiona fundi. Jumamosi moja nikaitwa Munanila. Dume la ng'ombe limekutwa korongoni, limekatwa mapanga, na hakuna aliyeliona tangu Jumapili. Mwenye mali alimtuhumu mchungaji wake, Bigirimana, aliyeondoka kwa ruhusa Jumapili hiyo na kurudi Jumatano jioni. Nikatazama funza: wadogo bado.

"Siku mbili. Tatu hazifiki," nikasema mbele ya umati.

Yaani lilikufa Alhamisi, Bigirimana amekwisha kurudi. Akatiwa pingu nikiwa bado nimeshika kibano cha kuokotea funza.

Jumatatu nilimwonyesha daktari mkuu wa mifugo chupa ya funza niliowahifadhi kwenye spiriti.

"Korongoni kuna baridi kiasi gani?"

"Sikupima."

"Funza wa baridini hakui kama wa juani. Sasa wewe ulihesabu nini?"

Nilichukua bodaboda, nikashinda korongoni siku mbili na kipimajoto, nikiinuka, nikichuchumaa. Jua halifiki kule. Ukungu huondoka saa tano. Hesabu mpya ikanipa siku tano: dume lilikufa Jumatatu, Bigirimana hayupo. Nikaandika ripoti ya pili kufuta ya kwanza. Mpelelezi wa polisi akaisoma mara mbili.

"Unajiharibia jina, dokta."

"Acha liharibike."

Bigirimana alitoka mahabusu baada ya wiki mbili. Nyumba yake ilikwisha kuezuliwa na wanakijiji, mkewe amerudi kwao. Nilimfuata kumwomba radhi. Hakupandisha sauti.

"Jumatatu ile nilikuwa Kumsenga, namzika mama yangu. Kijiji kizima kiliniona. Mbona mliwauliza funza, hamkuwauliza watu?"

Aliyeliua dume lile hajulikani hadi leo.

Sasa nimestaafu, lakini nikipita penye mbwa aliyegongwa barabarani, miguu husimama yenyewe, naanza kuhesabu. Vijana wa idara wana vipimo bora kuliko vyetu. Wakinipigia simu, nawasimulia habari hii kabla hawajaniuliza lolote.

Bigirimana siku hizi anauza maharage sokoni Kasulu. Akiniona hunipa mikono miwili, ananiulizia wajukuu. Mimi ndiye ninayejifanya nina haraka.