Ramani Isiyo na Mwaka

Fundi wa makochi alikuwa mtu wa kunusa kwanza. Ukimletea kochi ukamwambia ni la mbao ngumu, atalipindua miguu juu, atapasua kitambaa cha chini, ataingiza mkono hadi begani, ndipo aitikie salamu yako. Mtaa wote ulimwita Mama Mkasi, na haikujulikana kama ni kwa ajili ya kazi au ya ulimi. Daktari akimwandikia vidonge, huenda kumuuliza daktari mwingine vidonge vile ni vya nini. Binti yake alipoleta mchumba, alimkalisha kijana wa watu kwenye kigoda kibovu makusudi, aone kama atalalamika au atavumilia.

Kwa hiyo shemeji yake alipoingia karakana asubuhi moja akitabasamu, karatasi imeviringwa kwapani, Mama Mkasi hakuacha kushona. Shemeji huyu, mdogo wa marehemu mume wake, hakuwa mtu wa kutabasamu bure.

Ilikuwa ramani ya zamani ya mitaa ya mji wao, kuanzia gati hadi mkono wa bahari unaoingia nyuma ya kiwanda cha barafu. Shemeji akasema ameikuta nyumbani kwa marehemu mama yao, imetandikwa ndani ya droo ya kabati. Akaikandamiza kwa nyundo huku na mkebe wa misumari kule, kisha akaweka kidole mahali karakana ilipo. Nyuma yake palichorwa kisanduku cheusi.

"Ghala hilo, shemeji," akasema. "Alijenga mzee. Wewe hata ulikuwa hujaja kwetu."

Hapo ndipo palipouma. Karakana yenyewe haikuwa na ubishi. Baba mkwe alimwachia mwanawe mkubwa, mume wa Mama Mkasi, mbele ya ndugu wote. Lakini ghala la nyuma, kama alilijenga mumewe, ni la Mama Mkasi. Kama alilijenga mzee, ni la watoto wote, na shemeji alikuwa ameshaanza kusema habari za kufungua duka la vipuri mle ndani. Bila ghala, sponji na springi zingelala mvuani, maana karakana ilikuwa finyu kiasi kwamba ukiingiza kochi, lazima mtu mmoja atoke.

Naye alijua nani alijenga. Kijana alipokuja kumposa, Mama Mkasi, ambaye hata ujanani hakumwamini mtu, alimuuliza amewahi kutengeneza nini kwa mikono yake mwenyewe. Kijana akamleta hapa, akaupiga ukuta wa ghala kwa kiganja. Hiki hapa, alisema, na akamwonyesha kovu la kidole gumba alichopondwa na tofali. Mama Mkasi aliolewa na ukuta ule sawasawa na alivyoolewa na mwenyewe.

Walikwenda ofisi ya ardhi pamoja, kila mmoja ameshika ncha yake ya ramani, kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aibebe. Karani akaigeuza, akaguna. Kona ambayo huandikwa mwaka ilikuwa imenyofoka. Akawaambia kwamba ramani isiyo na mwaka ni picha ya kupamba ukuta; wakipata uhakika ilichorwa lini, warudi. Wakishindwa, ghala libaki kwa anayelitumia.

Mama Mkasi akasema kona hainyofoki yenyewe. Akainama hapohapo mezani akauchunguza mchaniko. Karatasi iliyochanwa jana huonyesha weupe. Hii ilikuwa ya kahawia hadi ukingoni. Akalamba kidole, akasugua pembeni, akaonja. Haikuwa chai, ile ambayo watu huipaka karatasi mpya ionekane kuukuu. Karani alimtazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia ofisini. Akawatolea nakala, kila mmoja yake, na ramani yenyewe akaifungia kabatini.

Toka siku hiyo Mama Mkasi alizunguka mji na nakala ile kwenye mkoba. Mpeleka barua mstaafu alimwambia ni ya zamani sana, kwa sababu gati lina kichwa chake, ile ncha ya baharini, na kichwa kilichukuliwa na dhoruba yeye mwenyewe akiwa bado mwanagenzi. Mama Mkasi akakumbuka kwamba mzee huyu hunywa kahawa na shemeji. Kinyozi naye akaonyesha hospitali, kwenye ramani ina jengo moja tu, si mengi kama leo. Lakini mke wa kinyozi ni rafiki wa mke wa shemeji, wanasukana nywele. Hata wasingekuwa wanasema uongo, alijiambia, mchoraji anaweza kunakili ramani ya zamani na makosa yake yote, kama yeye anavyokata kitambaa kipya kwa kufuata kilichochakaa. Kwa hiyo ingeweza kabisa kuchorwa mumewe akiwa ameshalijenga ghala.

Jibu lilimjia mezani, mkasi mkononi. Pale kwenye mkono wa bahari palikuwa na daraja, na kando yake mstari mwembamba wa vidoti ukivuka maji. Siku zote aliudhani uchafu wa mashine ya nakala. Sasa nyayo zake zikakumbuka kabla ya kichwa. Daraja la mbao! Liliwekwa kwa muda, daraja la zamani lilipoporomoka, likang'olewa mara tu la zege lilipofunguliwa. Lilidumu msimu mmoja wa mvua. Alilivuka akienda shule, viatu mkononi, kwa kuwa mbao ziliachana na rafiki yake alishaacha kiatu kimoja majini.

Kitu cha msimu mmoja hakinakiliwi kutoka kwingine, wala hakichorwi kikishaondoka. Ramani ilichorwa msimu ule. Yeye alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na mumewe alikuwa mvulana wa kaptula mahali fulani mjini humohumo. Na kisanduku cheusi nyuma ya karakana kilikuwa tayari kimekaa, pembe zake nne.

Alijaribu kuitilia shaka ramani, ikagoma. Alijaribu kuitilia shaka kumbukumbu yake. Kote alikopita alikuwa amemshuku shemeji, karani, mpeleka barua, kinyozi na chai. Aliyebaki nje ya hesabu yake alikuwa mmoja tu, naye yuko kaburini. Miaka yote ile akiupigapiga ukuta mbele ya wageni! Kovu lilikuwa la nini, basi? Mama Mkasi alicheka peke yake, kicheko cha hasira.

Hakuna mwingine aliyeuona mstari ule. Shemeji alikuwa hajazaliwa enzi za daraja lile. Akaikunja nakala, akaisukuma ndani ya kochi la mteja chini ya springi, akafunika kitambaa na kukipiga stepla pande zote. Jioni mwenye kochi alipokuja na mkokoteni, aliambiwa arudi kesho. Asubuhi Mama Mkasi aling'oa stepla zote, moja moja, kwa bisibisi, akaitoa nakala na kwenda nayo kwa shemeji.

Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. Hakutazama ramani, alimtazama yeye.

"Kwa hiyo ghala ni la mzee."

"Ni la mzee. Kaka yako alinidanganya."

Shemeji akavuta kiti chake nyuma kidogo. "Shemeji, unataka nini?"

"Sitaki kitu. Twende kwa karani."

"Haiwezekani," alisema taratibu, akamwita mkewe aje kuwa shahidi.

Mkewe akauliza kama paa limeoza. Akauliza kama kuna barabara itapitishwa hapo, au kama kuna mchwa. Mama Mkasi akajibu hapana, hapana, hapana, na kila hapana ilizidi kuwatia wasiwasi. Shemeji akasema hatakwenda popote kabla hajajua ametegewa nini.

Mpaka leo hajaenda. Ghala halijagawanywa, na sponji ziko palepale. Wateja wakiuliza nani alijenga, Mama Mkasi anawajibu ni baba mkwe wake, kisha anabadilisha mazungumzo. Shemeji naye huja mara kwa mara, anapiga magoti nyuma ya magunia, anagonga kuta na kunusa sakafu akitafuta kinachofichwa. Kwa kuwa mle ndani ni giza, Mama Mkasi humshikia tochi.